Mirathi ya Mtu Aliye Hai

Jioni ya tarehe 20 Januari 2008 nilikuwa nimekaa kwenye kochi la mzee mmoja mjini Green Bay, jimbo la Wisconsin, nimevaa soksi jozi mbili, najaribu kuelewa ni kitu gani kinaweza kumliza mtu mzima mbele ya televisheni. Nilikuwa na siku kumi na moja tu tangu nishuke kwenye ndege nikitokea Dar es Salaam. Nje baridi ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Dakika chache kwa gari kutoka pale tulipokaa, watu zaidi ya elfu sabini walikuwa kwenye uwanja wa Lambeau, katika baridi hiyohiyo, kwa hiari yao, tena kwa kulipa.

Mzee alikuwa mstaafu wa kiwanda cha karatasi. Alinipangisha chumba cha chini nilipokuwa mwanafunzi, na nilipomweleza maana ya neno lenyewe, alikubali niwe namwita Mzee. Binti yake alikuwa amekuja kutoka Minneapolis, alikokuwa akifanya kazi, ili waangalie mechi pamoja. Wenyeji Packers walikuwa wanacheza na New York Giants, na mshindi angekwenda Super Bowl. Katika muda wa nyongeza Brett Favre, mwenye umri wa miaka 38, alirusha pasi upande wa kulia. Beki wa Giants akaisoma, akainasa. Muda mfupi baadaye Giants wakaupiga mpira katikati ya milingoti, wakashinda 23 kwa 20. Mzee alizima televisheni, akaenda jikoni, akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa visafi.

Nikamuuliza binti kuhusu kijana niliyemwona pembeni mwa uwanja, namba 12, aliyesimama muda wote bila kucheza. "Huyo ni Aaron Rodgers," alisema. "Anangoja Favre azeeke. Huu ni mwaka wake wa tatu."

Sikujua kwamba nilikuwa nimeona pasi ya mwisho ya Favre akiwa na jezi ya Packers. Sikujua pia kwamba ubishi ulioanzia jikoni usiku ule ungeendelea kwa miaka kumi na saba, kwamba anayebishaniwa angebadilika katikati ya safari, na kwamba mimi mwenyewe ningeingia ndani yake na kutoka na aibu.

*

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu: kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulio, na ana kama sekunde tatu za kuamua aurushe, ampe mwenzake au akimbie nao. Timu ina wachezaji 53, lakini anayesimama hapo ni mmoja. Ndiyo maana jina lake huwa jina la zama nzima, na ndiyo maana hakuna namna nzuri ya kumpokea mrithi. Akiingia wa pili, wa kwanza lazima atoke.

Favre alifika Green Bay mwaka 1992 akitokea Atlanta, ambako katika msimu mzima alirusha pasi nne na hakuna hata moja iliyomfikia mwenzake. Septemba mwaka huo akapewa nafasi ya kuanza, na hakukosa kuanza mechi hata moja ya Packers hadi alipoondoka. Alitajwa mchezaji bora wa ligi misimu mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997, ule wa tatu akigawana na mwenzake. Januari 1997 aliurudishia mji ule ubingwa ulioukosa kwa miaka 29. Desemba 2003, siku moja baada ya baba yake kufariki, alicheza ugenini Oakland na kurusha pasi nne za bao. Mzee alinisimulia mechi hiyo mara nyingi kuliko alivyonisimulia harusi yake.

Machi 2008 Favre alitangaza kustaafu huku akilia. Kufikia Julai alitaka kurudi. Klabu ikasema zamu ni ya Rodgers. Agosti akapelekwa New York Jets, na mwaka uliofuata akatua Minnesota Vikings, mahasimu wa jirani. Msomaji wa Tanzania aliyekuwepo mwaka 2024 Clatous Chama alipovua jezi ya Simba na kuvaa ya Yanga anajua joto la jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Tarehe 1 Novemba 2009 Favre, sasa mwenye miaka 40, akarudi Lambeau akiwa na jezi ya zambarau. Uwanja ukamzomea. Akarusha pasi nne za bao na Vikings wakashinda 38 kwa 26. Mzee aliizomea televisheni mpaka sauti ikamkauka. Kisha simu ikaita. Alikuwa binti, kutoka Minneapolis. Mzee aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza.

*

Ubishi wa mashabiki ni uhakiki wa watu wasiojiita wahakiki. Nimeusikiliza sebuleni kwa Mzee, kwa kinyozi, kwenye kantini ya chuo na kwenye mabasi yaliyochelewa kwa sababu ya theluji. Nauheshimu, kwa sababu hakuna anayebishania kitu asichokipenda. Lakini uhakiki nao huhakikiwa. Nilichosikia kinaweza kugawanywa katika hoja tatu. (Mambo ya Favre nje ya uwanja, likiwemo shauri la madai lililofunguliwa na jimbo la Mississippi kuhusu fedha za ustawi wa jamii, ambamo anakana kufanya kosa, ni mjadala mwingine. Hapa nazungumzia kuhama tu.)

Hoja ya kwanza ndiyo ilikuwa ya Mzee: angeishia hapa. Kwa hoja hii maisha ya mchezaji ni kitabu, na kitabu kizuri kina mwisho mzuri. Favre alikuwa na kitabu kizuri, kisha akakiongezea sura mbili za ovyo.

Shida ya hoja hii ni kwamba wanaoitoa hawajazisoma sura zenyewe. Msimu wa 2009, akiwa Minnesota, Favre alirusha pasi 33 za bao na pasi 7 tu zilinaswa. Timu yake ilishinda mechi 12 kati ya 16. Kisha, Januari 2010 mjini New Orleans, mechi moja kabla ya Super Bowl, matokeo yakiwa 28 kwa 28 na sekunde zikihesabika, kifundo cha mguu kikimuuma, alikimbilia kulia na kurusha pasi kwa kukatisha uwanja kuelekea katikati. Ikanaswa. Saints wakashinda kwenye muda wa nyongeza.

Ilikuwa pasi ya aina ileile niliyoiona nikiwa kwenye kochi: ya mtu anayeamini mkono wake kuliko macho yake. Mkono huo ndio uliompa pasi 508 za bao katika maisha yake ya ligi, na ndio uliompa pasi 336 zilizonaswa, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Green Bay walimpenda kwa sababu ya kitu hicho, na Minnesota kikawavunja moyo kama kilivyowavunja Green Bay. Anayesema sura ya mwisho imeharibu kitabu aniambie ni mwandiko gani uliobadilika. Favre alibaki yuleyule. Tuliokuwa tumehama viti ni sisi tuliomtazama.

Hoja ya pili ni ya vijana zaidi, na hupenda namba: hesabu pete. Kwa hoja hii kuhama ni sahihi ukishinda na ni ujinga ukishindwa. Tom Brady aliondoka New England baada ya misimu 20, akaenda Tampa Bay mwaka 2020, akatwaa Super Bowl msimu wa kwanza akiwa na miaka 43. Akaitwa mwenye akili. Peyton Manning alikwenda Denver mwaka 2012 baada ya kupasuliwa shingo zaidi ya mara moja, na mechi yake ya mwisho, Februari 2016, ilikuwa Super Bowl aliyoshinda. Akaitwa mwenye busara, ingawa msimu huo alirusha pasi 9 za bao na 17 zilinaswa, na waliombeba ni mabeki. Joe Montana alihama San Francisco akaenda Kansas City mwaka 1993, akaifikisha timu mechi moja kabla ya Super Bowl, akakomea hapo. Huyo miaka yake ya Kansas City hutajwa kwa pumzi moja, kama mtu anayejikohoza.

Huu ni uhakiki wa mpiga ramli anayesubiri mvua inyeshe ndipo atabiri. Watu hawa watatu walifanya uamuzi mmoja: waliambiwa kwa maneno au kwa vitendo kwamba wamezeeka, wakaamua kuwa bado. Tofauti yao iko kwenye magoti ya wenzao, kwenye mabeki waliowakuta, kwenye mpira uliodunda huku badala ya kule. Ukitaka kuhukumu uamuzi, hukumu alichokijua mtu siku aliyoamua.

Hoja ya tatu ni ya usaliti, na hiyo ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu haijifichi nyuma ya vitabu wala namba. Inasema tu: ulikuwa wetu. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Favre alicheza kwao na akatunzwa kweli. Basi kwa nini aende kutunzwa ugenini, tena ngomani kwa hasimu?

Lakini methali hiyo haisemi kwao ni wapi pindi wenyeji wakishasema ngoma imekwisha. Johnny Unitas alikuwa roho ya Baltimore tangu miaka ya 1950. Mwaka 1973 Colts walimwuza San Diego, akamalizia huko akiwa na miaka 40, na leo karibu hakuna anayemkumbuka kwa jezi hiyo. Miaka kumi na moja baadaye, usiku wa Machi 1984, klabu yenyewe ilipakia vitu vyake kwenye malori na kuhamia Indianapolis. Unitas alikataa kuhesabiwa pamoja nayo. Alibaki na Baltimore. Tunamhesabia mchezaji kila hatua anayopiga kutoka nyumbani, lakini nyumba nayo inaweza kubebwa usiku.

Green Bay ndiko ambako hilo haliwezekani, na ndiyo maana jeraha huwa kubwa zaidi. Ni mji wa watu kama laki moja, na klabu yake haina tajiri mmoja. Inamilikiwa na wanahisa zaidi ya laki tano, ambao hawapati gawio wala hawawezi kuuza hisa zao kwa faida. Mzee alinunua yake kwa dola 200 majira ya baridi ya mwaka 1997 kuingia 1998, Favre akiwa kileleni. Aliiweka kwenye fremu ukumbini, pembeni mwa picha ya harusi. Kitu pekee anachoweza kufanya mtu na karatasi ile ni kupiga kura kwenye mkutano wa wanahisa, kuitazama, na siku moja kumwachia mtu wa familia yake.

*

Hapo ndipo nilipoanza kulitilia shaka neno lenyewe. Mashabiki wa Marekani wana neno moja, legacy, na hulitumia kwa mchezaji yeyote aliyefikisha miaka 35. Nikijaribu kulisema kwa Kiswahili linanigomea. Naweza kusema jina, au sifa, au heshima, lakini lililo karibu zaidi ni urithi. Na urithi una sharti ambalo Kiingereza kimelisahau: mwenye mali awe amekufa.

Sisi tunajua watu wanavyokuwa kwenye mirathi. Ndugu waliopendana miaka thelathini hugombana kwa sababu ya kabati. Ukisikiliza vizuri, kabati silo jambo lenyewe. Kila mmoja anataka ithibitishwe kwamba yeye ndiye aliyependwa. Ubishi juu ya mchezaji mkongwe uko hivyohivyo, isipokuwa kwamba marehemu yupo, anakula chakula chake na asubuhi anakwenda mazoezini. Tumekaa matanga ya mtu anayepumua, na tunamkasirikia kwa sababu anapita katikati ya waombolezaji akiuliza kama kuna mechi Jumapili.

Sisemi kwamba mkongwe hana lawama. Favre aliusumbua mji kwa kustaafu na kustaafuka, na gharama akailipa asiyehusika. Kiangazi cha 2008 baadhi ya mashabiki walimzomea Rodgers mazoezini, kijana ambaye kosa lake lilikuwa kungoja miaka mitatu bila kunung'unika. Kuna kuhama kwa heshima na kuhama kwa fujo, na mhakiki ana haki ya kutofautisha. Ninachokataa ni wazo kwamba mchezaji alitudai ruhusa ya kuendelea kuishi baada ya sisi kupata mwisho tuliouridhia.

*

Nayasema haya nikiwa mkosaji. Rodgers alikuwa wangu. Tulianza pamoja, yeye kusimama uwanjani na mimi kuelewa anachofanya. Nilimwona akishinda Super Bowl ya Februari 2011, na akitajwa mchezaji bora wa ligi mara nne. Mwaka 2020, akiwa na miaka 36, klabu ilimchagua kijana Jordan Love ili aje kumrithi, na yeye akajibu kwa kuwa mchezaji bora msimu huo na uliofuata. Kisha Aprili 2023 akapelekwa New York Jets, klabu ileile aliyopelekwa Favre. Nilikuwa nimeshahamia Chicago kikazi, jambo ambalo Mzee, kwa sababu za kimpira, alilipokea kama habari ya ugonjwa. Nilikasirika kama mwenyeji. Nilisahau kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeiacha miji miwili nyuma yangu, na katika yote miwili kulikuwa na watu waliosema ningebaki.

Tarehe 11 Septemba 2023 Rodgers aliingia uwanjani New Jersey akikimbia na bendera ya Marekani mkononi. Katika shambulio lake la nne alianguka, akainuka, akakaa tena chini. Mshipa wa kisigino ulikuwa umekatika. Na mimi, kwenye kochi langu, peke yangu, nilifurahi. Labda kwa sekunde tatu. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Si ulitaka."

Nilimpigia Mzee. Nadhani nilitaka tufurahi wote. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mimi nilishafanya hivyo kwa yule wa kwanza. Haikunirudishia chochote."

Nikamkumbusha kwamba Julai 2015 alikuwa Lambeau, kati ya watu zaidi ya 60,000, siku namba 4 ya Favre iliposimamishwa isivaliwe tena. Alisimama na kupiga makofi. Nilimuuliza kama siku ile alikuwa amemsamehe.

"Hapana," alisema. "Nilichoka tu kuwa mbali naye."

Siku ile ya 2015 hakwenda peke yake. Binti aliendesha gari kutoka Minneapolis kumfuata. Alikuwa amehama Wisconsin mwaka 2007, miaka miwili kabla ya Favre kuvaa zambarau, na kwa muda mrefu baba na binti walizungumza kuhusu Favre kila walipozungumza. Ningeweza kuandika aya nzima juu ya hilo. Sidhani kama msomaji anaihitaji.

*

Mzee alifariki masika ya 2024. Hisa yake sasa iko Minneapolis, ukutani kwa binti, katikati ya mji ambao kila Jumapili huiombea Packers mabaya. Kisheria hakuna kilichoharibika. Klabu inaruhusu hisa kwenda kwa mrithi, na haimuulizi mrithi anakaa wapi.

Tarehe 26 Oktoba 2025 nilikuwa hapo, chini ya fremu ileile. Rodgers, miezi michache baada ya kusaini na Pittsburgh Steelers, alikuwa anacheza na Packers kwa mara ya kwanza maishani mwake. Upande wa pili alikuwa Jordan Love, yule aliyengoja. Nilikuwa nimejiandaa kuhisi kitu kikubwa. Nilichohisi ni kwamba ana mvi kwenye ndevu, kwamba ana miaka 41, na kwamba anapoupokea mpira mabega yake bado yanageuka kama niliyoyaona nikiwa mwanafunzi. Packers walishinda 35 kwa 25. Love alicheza vizuri kuliko yeye. Hilo nalo ni la kusema, kwa sababu uhakiki usiokubali kwamba kijana amemzidi mzee ni huruma tu.

Mtoto wa binti, mwenye miaka tisa, hakuwa na kumbukumbu ya Rodgers akiwa na jezi ya kijani. Alimwona namba 8 wa timu pinzani akikwepa beki na kuachia pasi ndefu, ya juu, iliyokaa hewani muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Huyu mzee ni nani?" aliuliza.

Mimi na mama yake tukatazamana. Nilikuwa na historia nzima mdomoni: kungoja, ubingwa, kuondoka, bendera, kisigino. Mama yake naye alikuwa na yake.

Mtoto hakusubiri. Marudio ya ile pasi yalikuwa yanaonyeshwa, akaangalia tena mpaka mpira ukatua.

"Anarusha vizuri," akasema.

Hakuna aliyembishia.